Leo uko namba ngapi?

Juni 20 kambini kunakuwa na ngoma, mpira na hotuba. Ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Wachache wanajua kwamba siku moja kabla, Juni 19, ni Siku ya Selimundu Duniani. Sisi siku zote mbili ni zetu.

Tuko vijana sita, Wakongo, hapa mkoa wa Kigoma. Nyumbani walituita "SS", hapa wanasema sikoseli. Chembe nyekundu za damu yetu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na mifupa inauma hadi mtu mzima analia. Baridi, kiu, uchovu, malaria: chochote kati ya hivyo kinaweza kuamsha maumivu. Na maji ya kubeba yapo, foleni ya chakula ipo.

"Jana ulicheza, leo unaumwa?" Swali hilo tumelisikia mpaka tukaanza kujiuliza wenyewe. Mmoja wetu aliacha shule kwa kuogopa tu kwamba maumivu yatamkuta darasani.

Mshauri nasaha alipoanza kukaa nasi kila Jumamosi, tulimkatalia. Dada mmoja akamuuliza waziwazi, "Kwa hiyo tunajifanya?" Akajibu, "Hapana. Maumivu yanatoka kwenye damu. Lakini hofu inayaongeza, na hofu tunaweza kuishughulikia."

Basi tukaanza na daftari. Kila jioni unaandika maumivu yako, kuanzia 0 hadi 10, na ulichofanya siku hiyo. Tukagundua kosa letu: siku njema tulikuwa tunafua nguo za nyumba nzima, halafu tunalala siku tatu. Sasa tunabeba nusu ndoo, tunapumzika, tunarudi. Maumivu yakianza tunavuta pumzi taratibu, tunaitoa polepole zaidi, tunalegeza mabega na ngumi. Wazo la "sitaweza tena" likija, tunafungua daftari na kuona siku tulizoweza. Yule mwenzetu alirudi shule, kwanza siku mbili kwa wiki, sasa nne.

Lakini ndugu wahudumu, tusikilizeni. Usiku mmoja mwenzetu alifika zahanati akiwa namba 9, akaambiwa, "Fanya yale mazoezi yenu." Alisubiri dawa hadi asubuhi. Mazoezi yanasaidiana na dawa, hayachukui nafasi yake. Na kukiwa na homa, kifua kuuma, kupumua kwa shida au upande mmoja wa mwili kulegea, ni hospitali mara moja, hakuna kusubiri.

Na mama zetu, hii si laana, wala si kosa lenu peke yenu. Wazazi wote wawili wakibeba chembe hiyo ya urithi bila kuumwa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto kama sisi.

Ukitukuta tumekaa chini kwenye foleni, usiulize kama tunajifanya. Uliza tu, "Leo uko namba ngapi?" Tutakujibu ukweli.