Miembe ya misafara na moshi wa jikoni

Huko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Njia ya misafara ya pembe na watumwa, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ilipita Tabora, na miembe ya zamani bado ipo. Watoto wa leo hula embe za miti ambayo walioipanda hawakuwajua.

Lakini miombo ya mkoa huu inakatwa kwa kuni, mkaa na kukaushia tumbaku. Kuni kavu zikiadimika, mama hupikia mbichi, mtoto akiwa mgongoni, na moshi huo humwongezea mtoto hatari ya nimonia. Kutunza msitu ni kutunza mapafu yake.

Mzazi, anza na jiko lako. Loweka maharage usiku kucha yaive haraka, funika sufuria, pikia penye hewa, na baba ampokee mtoto moto unapochochewa. Akikohoa na kupumua haraka, mpelekeni zahanati siku hiyohiyo.

Mvua zikianza, pandeni naye mwembe. Hata mtoto wa miaka mitatu anaweza kuumwagilia kwa kikombe.