Moshi Unamwendea Nani? Leeds, Tokyo, Nairobi

Mimi sivuti sigara, lakini nasafiri na kaka yangu ambaye anavuta. Kwa hiyo kila mji tunaofika, jambo la kwanza ninalolijua ni mahali wavutaji wanapoelekezwa.

Leeds tuliikuta na mvua. Nyuma ya kiwanda tulichokitembelea palikuwa na kibanda mithili ya kituo cha basi: paa la plastiki, kuta mbili, benchi, na kopo la vipisi lililofungwa kwa boliti. Nikadhani mwenye kiwanda kabana pesa hata akaacha pande mbili wazi. Kumbe ni sheria. Tangu tarehe 1 Julai 2007, kuvuta ndani ya mahali pa kazi England ni kosa, na kibanda chenye paa huhesabiwa kuwa ni ndani iwapo uwazi wa kuta zake haufiki nusu. Mlango au dirisha linalofungika halihesabiwi kuwa uwazi. Ndiyo maana wavutaji walirudi kazini mabega yameloa. Kujenga kibanda si lazima. Anayeachia watu wavute ndani ndiye anayeweza kutozwa faini hadi pauni 2,500.

Tokyo nilikuta mambo yamepinduka. Wilaya ya Chiyoda ilianza kutoza faini ya yen 2,000 kwa sigara ya barabarani mwaka 2002, maana katika msongamano ule sigara ya mtu mzima hupita usawa wa uso wa mtoto. Katika mikahawa mingi waliendelea kuvuta miaka mingi baadaye, mpaka sheria ya taifa ilipoanza kutumika kikamilifu Aprili 2020. Kaka alivutia ndani ya uzio karibu na stesheni, bega kwa bega na wafanyakazi wa maofisini. Mmoja wao alizima kipisi chake ndani ya kijaluba, akakirudisha kijaluba mfukoni.

Nairobi tulirudi nyumbani. Sheria ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, inaruhusu sigara katika maeneo ya umma kwenye sehemu zilizotengwa tu; ukikiuka, faini hadi shilingi 50,000 au kifungo hadi miezi sita. Jengo tuliloingia lilikuwa na sehemu yake yenye kibao: mabati matatu kando ya jenereta, yameegemea kibanda cha soja wa geti. Kaka alikaa dakika tano. Soja, ambaye havuti, hukaa hapo kwa muda wa saa kumi na mbili.

"Hauchoki na huu moshi?" nilimuuliza.

"Nimezoea, boss."

Aliyepanga kibanda kile cha wavutaji aliitii sheria, akamsahau jirani wa bati. Nawe mwenye jengo, kabla hujanunua mabati, choma ubani pale unapotaka kuweka kibanda, usimame uangalie moshi unamwendea nani.