Upepo wa Mzigo Katika Gari Tupu

Jumamosi ile tulitoka sokoni Tabora mjini mioyo imeturidhika. Magunia 12 ya mahindi tuliyoyaleta alfajiri yalikuwa yamenunuliwa yote. Fedha za ada tulizifunga kwenye kitambaa. Mtoto mkubwa alikaa kati yetu mbele ya pikapu, na mdogo alipakatwa. Tukaipita njia iendayo Kwihara, tukaingia barabara ya vumbi ya kurudi kijijini.

Kila mama aliyewahi kupanda pikapu tupu anajua jinsi inavyorusha. Sisi tulidhani ndiyo tabia yake. Lakini siku ile, kwenye kona yenye makunyanzi kama ubao wa kufulia, sehemu ya nyuma iliruka, ikateleza upande, na gari likaelekea kwenye mwembe mkubwa. Lilisimama zimebaki hatua mbili. Mdogo wetu alijigonga paji la uso, akavimba.

Kwa muda hakuna aliyesema neno. Kisha tukasema mengi mno. Mmoja wetu alimlaumu mwenzake kwa mwendo; mwingine akalaumu haraka ya kuwahi nyumbani. Tulifika tumenuniana, na watoto wakalala mapema bila kuambiwa.

Jumatatu tulikwenda wote wawili kwa mzee mmoja, fundi wa matairi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Matairi ya nyuma mnajaza upepo kiasi gani?"

"Sitini na tano."

"Mkiwa na mzigo?"

"Siku zote."

Mzee alicheka kidogo. Akatuonyesha tairi la nyuma: katikati limelika, pembeni bado jipya. "Gari lenu limetua mzigo," alisema, "lakini matairi bado yanadhani yamebeba."

Akatueleza polepole. Pikapu ya kazi nzito imetengenezwa kwa springi ngumu nyuma ili ibebe tani na zaidi. Ikiwa tupu, uzito mwingi uko mbele kwenye injini, na nyuma ni nyepesi. Tairi likijazwa upepo wa mzigo wakati hakuna mzigo, linakuwa gumu kama jiwe. Linagusa ardhi kwa sehemu ndogo ya katikati tu, linadunda kwenye makunyanzi, na breki na usukani havipati mshiko. Mwendo wetu nao ulikuwa na sehemu yake, tusijifiche. Lakini tairi gumu lilitunyima nafasi ya kurekebisha kosa.

"Basi tupunguze sana?" tuliuliza.

"Hapana! Upepo ukipungua mno, tairi linajikunja ubavuni, linapata joto, na mwisho hupasuka. Msikisie. Fungueni mlango wa dereva, msome."

Tulikuwa na gari lile miaka minne, na kibandiko kile pembeni mwa mlango hatukuwahi kukisoma! Kiliandika paundi 35 mbele. Nyuma 40 bila mzigo, na 65 kwa mzigo kamili. Hizo ni za gari letu, mama mwenzetu. Za gari lenu zisomeni kwenye kibandiko chenu au katika kitabu cha gari. Tena msidanganywe na namba iliyo ubavuni mwa tairi, kama tulivyodanganyika sisi. Ile ni kiwango cha juu ambacho tairi hilo halipaswi kupita. Haikuambii gari lako litiwe kiasi gani.

Mzee alitufundisha mambo mengine matatu. Kwanza, upepo upimwe asubuhi, gari halijatembea wala halijapigwa na jua, kwa kuwa tairi likipata joto kipimo hupanda. Ukiupunguza wakati wa joto, kesho asubuhi utakuwa umepungua kupita kiasi. Pili, kabla ya kupakia magunia, upepo urudishwe kwanza kwenye kiwango cha mzigo. Kwa hiyo anayepunguza lazima awe na pampu na kipimo chake. Tatu, chaki ya mtoto wa shule inaweza kuwa shahidi. Chora mstari unaokata tairi kutoka ukingo hadi ukingo, kisha endesha kidogo mahali palipo sawa. Ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu, umepungua. Ikifutika sawasawa, ni vizuri. Lakini chaki isikushushe chini ya namba ya kibandiko.

Tangu siku hiyo tairi za nyuma tunazishusha hadi 40 safari ikiwa ya gari tupu. Gari halirushi kama zamani. Mwendo tumepunguza, na mtoto hapakatwi tena mbele. Kila mmoja ana mkanda wake.

Njia yetu hii ni ndugu wa njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea Ujiji. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, wapagazi Wanyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi kichwani au begani, na wake zao wengine walifuatana nao wakiwa na vyungu na watoto. Walipofika kambini, mzigo ulitua chini na shingo ikapumzika. Jina la Bagamoyo lenyewe wengine hulifasiri kuwa "bwaga moyo".

Sisi tulikuwa tumetua magunia sokoni, lakini tulirudi nyumbani tungali tumejaa upepo wa sokoni: haraka, hesabu na ukali. Ndiyo maana jambo dogo lilituyumbisha, tukagombana mbele ya watoto wakati tulipaswa kumshukuru Mungu kwamba tuko hai.

Siku hizi kipimo cha upepo kinaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni. Anayeamka kwanza ndiye anayepima, na mwenzake anaandika. Uvimbe wa mtoto ulipona kwa wiki moja. Mwembe ule tukiupita, sote wanne hunyamaza kidogo, kisha mdogo huuliza, "Mmepima?" Nasi tunajibu, "Tumepima."