Maji Mawili ya Kisiwa cha Pate

Chombo kiendacho Siyu hungoja maji kujaa, kwani mkono wa bahari upitao katikati ya mikoko una kina haba. Mgeni hufika na kiu, na hapo ndipo aonapo kwamba katika nyumba za kisiwa cha Pate maji si ya aina moja.

“Mtungi huu ni wa kunywa, Shekhe, ndoo ile ya kuoga,” aliniambia mama wa nyumba niliyofikia. Ya mtungini yalitoka jabiani, ya ndooni yalitoka kisimani.

Ardhi ya hapa ni mawe ya matumbawe, yale yale tuyachomayo tukapata chokaa ya kujengea. Mvua ipenyapo humo huyayeyusha kidogo kidogo, na maji yakafika kisimani yakiwa magumu. Ndiyo maana sabuni haitoi povu ila kwa kuifuja, kanzu nyeupe hugeuka ya kijivu, na ndani ya birika la chai huganda gamba jeupe. Gamba hilo dawa yake i jikoni: tia siki au maji ya ndimu, pasha moto, acha saa moja, kisha sugua. Kuchemsha maji hupunguza ugumu, kwa kuwa sehemu ya chokaa hutuama chini. Lakini chumvi ya bahari haitoki kwa moto, bali huzidi kukolea. Wengi huyachanganya mambo haya mawili.

Kuhusu udhu, mafakihi wa Kishafii wamebainisha kuwa maji yaliyobadilishwa na ardhi yakaamo hubaki twahara na yenye kutwaharisha.

Jabia ni sakafu pana ya chokaa iteremshayo mvua hadi kwenye tangi lililochimbwa ardhini. Maji yake ni laini: mbaazi huiva upesi, na chai yake, kwa ulimi wangu, haina mfano. Hata hivyo nimeona majabia yaliyopasuka, mbuzi wamelala juu yake, kwa kuwa watu wameegemea mashine za kuvuta maji visimani. Kisiwani maji baridi huelea juu ya maji ya bahari. Yakivutwa kwa pupa, ya bahari hupanda, na kisima kikishaingia chumvi hukawia sana kurejea.

Nyufa huzibwa kabla ya masika. Sakafu ifagiliwe, na mvua ya kwanza iachwe imwagike nje.