Farumi ya Mkiani

Chombo kilichokwisha kushusha shehena hakithubutu kurudi baharini kitupu. Kabla ya kung'oa nanga, manahodha wa mwambao waliamuru ngama ijazwe mawe au mchanga, na uzito huo usio na mnunuzi ukaitwa farumi. Farumi haiuzwi wala hailiwi. Kazi yake ni kuwapo tu, chini kabisa, mahali ambapo abiria hatazami, ili tanga linapojaa upepo jahazi lisilale ubavu. Chombo kifikapo kwenye bidhaa, farumi humwagwa kando, wala hapana aulizaye yametoka wapi mawe yale.

Ndege za angani nazo zina farumi, ingawa mafundi wake huiita uzani wa kusawazisha, na ingawa, kwa haki ya lugha, kuna tofauti baina ya hizo mbili. Farumi ya jahazi hukituliza chombo kizima. Farumi ya ndege hukituliza kiungo kimoja. Abiria aliyeketi dirishani huona nyuma ya bawa kibawa chembamba kikipanda na kushuka. Mkiani, asikokuona, uko usukani uliosimama wima na vibawa vingine viwili vilivyolala. Vyote hivyo vimetundikwa kwa bawaba upande wa mbele, kama mlango unavyoshikwa na mwimo wake, na sehemu kubwa ya uzito wake hubaki nyuma ya bawaba. Hapo ndipo penye hatari. Bawa likisukumwa juu na upepo, kibawa kilicho kizito nyuma huchelewa kulifuata. Kule kuchelewa hukiinamisha, na kule kuinama huuongezea upepo nguvu ya kulisukuma bawa juu zaidi. Bawa hurudi kwa unyumbufu wake, kibawa huchelewa tena upande wa pili, na kila marejeo huwa makubwa kuliko yaliyotangulia. Kiswahili kina neno la jambo hili, nalo halikuhitaji kutungwa na kamati yoyote: kupapatika. Ndivyo afanyavyo kuku aliyechinjwa, ndivyo afanyavyo samaki juu ya mchanga. Ndege iliyoanza kupapatika huweza kuvunjika kabla rubani hajaelewa ni nini kilichomshika.

Dawa yake ilipatikana Amsterdam. Mnamo 1922 na 1923 wahandisi wawili wa Kiholanzi, Albert von Baumhauer na C. Koning, walikuwa wakiichunguza ndege ya baharini aina ya Van Berkel W.B., iliyokuwa na maradhi hayo ya kupapatika. Van Berkel, kwa hakika, ni jina ambalo wauza nyama wa Ulaya walilijua kuliko marubani, kwani kampuni hiyo ilipata sifa kwa mashine za kukatia nyama vipande vyembamba. Wahandisi wale waligundua kwamba hapakuwa na haja ya kulitia bawa mbao na vyuma zaidi. Ilitosha kutia uzito mbele ya bawaba, mpaka kibawa, kikiachwa huru, kisielemee nyuma. Bawa likipanda, kibawa kitapanda nalo. Hakuna anayemchelewa mwenziwe, na mtetemo hufa kwa kukosa wa kuulisha.

Von Baumhauer hakufa kitandani. Tarehe 18 Machi 1939 alikuwa ndani ya ndege mpya ya Boeing 307 katika jimbo la Washington, Marekani, akiiwakilisha mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake. Ilikuwa safari ya majaribio. Ndege ilipunguzwa mwendo kupita kiasi, ikaanza kuanguka kwa kuzunguka, na ilipokuwa ikiinuliwa kutoka katika anguko hilo ikavunjika. Wote 10 waliokuwamo walikufa. Uvumbuzi wake ulibaki, nao unasafiri katika ndege nyingi mno kuhesabika, bila ya jina lake kuandikwa ubavuni mwa hata moja.

Tatizo lililobaki lilikuwa la nafasi. Mbele ya bawaba pana upenyo mdogo tu, na kipande kinachotiwa hapo hakina budi kuwa kidogo kwa umbo na kizito kwa mkono. Risasi, ambayo mvuvi huitumia kwa chubwi, ni nzito mara 11 kuliko maji. Dhahabu ni nzito mara 19, lakini hapana shirika litakaloweka dhahabu mkiani. Ikabakia tangisteni, metali ngumu inayoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 3,400, yenye gharama na yenye kumchosha fundi. Na ikabakia urani.

Si urani ya mabomu. Urani inayochimbwa ina sehemu ndogo sana, isiyofika moja katika mia, inayofaa kuwasha mitambo ya nyuklia. Sehemu hiyo ikikamuliwa, kinachosalia ni chicha: metali nzito karibu sawa na dhahabu, yenye mionzi hafifu, iliyorundikana kwa wingi huku ikisubiri mtu wa kuitafutia kazi. Waingereza huiita kwa neno lenye maana ya kitu kilichopungua. Wafaransa na Waholanzi ni wakweli zaidi, au pengine ni wakatili zaidi: husema urani iliyofukarishwa. Mfasiri wa Kiswahili akitakiwa kuchagua, afadhali awafuate hao wa pili, kwa sababu zitakazoonekana.

Watengenezaji wa ndege waliipenda chicha hii. Ilikuwa rahisi kwa bei na laini kuliko tangisteni kwa mchongaji. Wakaipaka nikeli na kadimiamu, wakaipaka na rangi juu yake, wakaifunga kwa skurubu. Boeing 747 za mwanzo zilikuwa nayo, na nyingine za enzi hizo pia. Katika ndege moja, itakayotajwa sasa hivi, mkia ulikuwa na kilo 282. Msomaji asidhani ni rundo kubwa. Kilo 282 za urani hazijazi ndoo ya lita 20. Zingalikuwa za risasi, zingalihitaji lita 25. Zingalikuwa za chuma, lita 36.

Jioni ya Jumapili, tarehe 4 Oktoba 1992, ndege ya mizigo ya El Al, Boeing 747, iliondoka uwanja wa Schiphol kuelekea Tel Aviv. Pini zilizoshikilia injini ya ndani ya bawa la kulia zilikuwa zimechoka. Injini ikang'oka, ikaipiga jirani yake, na zote mbili zikaangukia katika maji ya Gooimeer. Rubani alijitahidi kurudi. Saa kumi na mbili na dakika 35 ndege ikaporomokea maghorofa mawili yaliyoungana, Groeneveen na Klein-Kruitberg, katika mtaa wa Bijlmermeer. Ni lazima isemwe waziwazi, maana mengi yamesemwa: farumi ya mkiani haikuhusika kwa lolote na ajali ile. Ilikuwa ikifanya kazi yake hadi sekunde ya mwisho.

Bijlmermeer ulijengwa katika miaka ya 1960 na 1970 kwa ajili ya Waholanzi wa tabaka la kati, ambao wengi wao hawakuutaka. Walioutaka ni waliokosa pengine pa kwenda: watu wa Suriname waliohamia karibu na uhuru wa nchi yao mwaka 1975, watu wa visiwa vya Antili, Waghana, na wengineo ambao majina yao hayakuwamo katika daftari lolote la serikali. Ndiyo maana, moto ulipokuwa ukiwaka, hakuna aliyejua watu wangapi walikuwamo. Kwa siku kadhaa zilitajwa hesabu zilizozidi 200. Hesabu rasmi ikaja kusimama kwenye 43: wanne wa ndegeni na 39 wa majumbani. Wapo wakaazi wa Bijlmermeer ambao hawajaikubali hesabu hiyo hata leo, wakisema kwamba daftari lililoshindwa kuwahesabu watu walio hai haliwezi kuaminiwa katika kuwahesabu wafu.

Wazimamoto, polisi na majirani walitembea katika majivu yale bila ya kuambiwa kitu. Mwaka mmoja ukapita. Mnamo Oktoba 1993 ndipo Laka, taasisi ndogo ya Amsterdam inayokusanya nyaraka kuhusu nishati ya nyuklia, ilipotangaza kilichokuwa mkiani. Katika kusafisha, kiasi cha kilo 150 hakikuonekana. Urani iliyo katika vipande vikubwa haiwaki kwa urahisi, lakini moto mkali ukiikamata kwa muda mrefu huweza kugeuka unga wa oksidi na kupeperushwa na moshi. Watu waliokuwa wakikohoa, waliokosa usingizi, waliochoka bila ya sababu, wakapata jina la kuuita uchovu wao.

Wakati huohuo mambo mengine yalikuwa yakitoka kwa vijisehemu, kama maji katika mfereji ulioziba. Hati za shehena hazikuonyeshwa kamili. Kinasasauti cha chumba cha rubani hakikupatikana. Mwaka 1998 likajulikana jambo ambalo watu wa Bijlmermeer walikuwa wamelihisi tu: ndani ya ndege mlikuwa na lita 190 za kemikali iitwayo DMMP, ambayo miongoni mwa matumizi yake ni utengenezaji wa gesi ya sumu aina ya sarini. Bunge la Uholanzi likaunda kamati ya uchunguzi, mashahidi wakahojiwa mbele ya kamera za televisheni, na mwezi Aprili 1999 ripoti ikatoka kwa jina la Een beladen vlucht.

Jina hilo ni mtihani kwa mfasiri. Beladen ni kitu kilichopakiwa mzigo, kama jahazi au punda. Lakini Waholanzi husema hivyo pia juu ya mazungumzo ambayo mtu huyaogopa, juu ya neno lililobeba uchungu usiotajika. "Safari iliyopakia" hukamata shehena na kuuacha uchungu. "Safari yenye mzigo moyoni" hukamata uchungu na kuimwaga shehena. Pengine "safari nzito" ndiyo inayokaribia, kwa kuwa Kiswahili nacho hukubali neno liwe zito, na mtu awe mzito wa kusema.

Nao wanasayansi wakafanya hesabu, miaka sita baada ya moshi kutawanyika. Walikadiria kwamba mtu aliyesimama karibu na moto huenda alipata mionzi isiyofika mikrosiveti 1. Na kwa kukusanya dhana zote mbaya pamoja, isiyofika milisiveti 1. Mwanadamu wa kawaida hupokea takriban milisiveti 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula chake. Wakahitimisha kwamba si yumkini urani ile ndiyo iliyowaugua watu. Uchunguzi wa baadaye juu ya wazimamoto na polisi ulionyesha kwamba walikuwa na malalamiko mengi kuliko wenzao ambao hawakufika pale, lakini vipimo vya maabara havikuonyesha chanzo.

Hapana sababu ya kuzibeza hesabu hizo. Zimefanywa kwa uangalifu, na huenda ni za kweli. Ila zilikuja zimechelewa. Mtu aliyeambiwa siku ya kwanza, "Mkiani mlikuwa na kitu hiki, kwa kiasi hiki, na hatari yake ni ndogo," angaliweza kuamini. Mtu yuleyule, akiisha kugundua mwenyewe kwa njia za pembeni, haambiliki. Kila namba apewayo huiona pazia jingine. Kuchelewa kule kuliwatetemesha watu kuliko kilo zote zilizopotea.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Boeing ilikuwa imekwisha kuanza kuifungia tangisteni ndege zake mpya, na zile za zamani zikaondolewa urani kila zilipoingia karakana. Tangisteni haina mionzi. Lakini nayo ina kwao. Katika milima ya Kivu, ambako wachimbaji huongea Kiswahili na kuiita wolframu, madini yake hutolewa kwa nyundo na mtaimbo; na mwaka 2010 Bunge la Marekani liliitaja, pamoja na bati, tantali na dhahabu, katika sheria inayozitaka kampuni zichunguze iwapo madini yao ya Kongo yamelipia bunduki. Abiria aliye dirishani haoni hayo pia.

Pale Bijlmermeer, sehemu iliyoanguka ya maghorofa haikujengwa tena. Umebakia mti mmoja uliokuwapo jioni ile na haukuungua. Wenyeji huuita Mti Ulioona Yote, na umezungukwa na vigae vya rangi vilivyofinyangwa na watu waliofikwa. Kila tarehe 4 Oktoba watu hukusanyika hapo, majina husomwa, na maua huwekwa shinani. Wasurinamu huja, Waghana huja, na wazimamoto, sasa wazee, husimama nyuma kidogo ya wengine.