Mlevi wa Senema Ukumbini Mwetu



Sisi tuliokuwa vijana katika miaka ya 1980 tulizijua filamu za Kichina kwa kanda za deki. Mwenye deki mtaani hakukosa wageni, na watoto waliziita zote "karate", ziwe za Japani au za Hong Kong. Mashuhuri miongoni mwazo ni "Drunken Master" ya mwaka 1978, iliyoongozwa na Yuen Woo-ping. Jackie Chan ndiye kijana Wong Fei-hung, na mzee mlevi anayemfunza alichezwa na Yuen Siu-tien, baba mzazi wa mwongozaji.

Leo filamu za zama zile zimerudi majumbani kwa diski na kwa simu, nyingine zikiwa na masimulizi ya Kiswahili kama yale ya DJ Afro, ambaye humvika Mchina maneno ya kijana wa mtaani Nairobi. Zamani mtoto aliona mateke tu. Sasa anafahamu kila neno.

Katika darsa ya kina mama hapa Malindi, mama mmoja aliniuliza iwapo yajuzu mwanawe kuitazama filamu hiyo. Wenziwe walicheka. Yeye hakucheka, kwani mtoto ameanza kuyumbayumba ukumbini na kikombe mkononi, akidai kuwa ulevi humwongezea mtu nguvu.

Sikumjibu kwa neno moja la kukataza. Kisa chenyewe kina malezi ndani yake. Wong ni mtukutu. Anamchezea binti njiani asijue kuwa ni jamaa yake, na baba yake anamkabidhi kwa mwalimu mkali kwa muda wa mwaka mmoja. Kijana anatoroka, anapigwa na kudhalilishwa na muuaji wa kukodiwa, kisha anarudi kwa mwalimu kwa miguu yake mwenyewe. Ananing'inizwa kichwa chini miguu juu, akichota maji kwa vikombe vidogo na kuyamimina pipani. (Waliosoma chuoni zamani zetu watatabasamu hapo.) Tena, katika mitindo minane ya mapigano anayofundishwa, anaudharau wa nane kwa kuwa ni wa kike. Siku ya kupigana na muuaji yule kumwokoa baba yake, mitindo saba haimtoshi. Inambidi aubuni ule wa kike papo hapo, na kwa huo ndio anashinda. Kina mama walilipenda hilo kuliko fatwa yangu.

Mwiba uko kwenye khamri, maana mitindo yote hiyo hutiwa nguvu na kileo. Mtoto atauliza: mbona mlevi ameshinda? Tusimjibu kwa uongo. Aya ya 219 ya Suratul Baqara haikukana kuwa mna manufaa kwa watu; imepima, na dhambi ikawa nzito zaidi.

Jawabu kamili zaidi lilikuwamo katika filamu ya pili, ya mwaka 1994. Humo Wong anakunywa spiriti ya kiwandani ili amshinde adui, na katika toleo la Hong Kong onyesho la mwisho linamleta akiwa kipofu, akili zimemruka. Watengenezaji walilifanya la kuchekesha, jambo ambalo silipendi. Filamu ilipotolewa Marekani mwaka 2000, onyesho hilo lilikatwa. Kwa hiyo mwenye nakala ya toleo lile anaona ushindi, haoni bei yake.

Nasi tunaishi Kilifi, ambako mangwe za mnazi haziko mbali na njia ya shule. Tena Mei 2014, katika kaunti za Embu, Kitui, Makueni na Kiambu, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu, na wengine wakapoteza macho. Methanoli hutumika viwandani, na macho ni miongoni mwa viungo vya kwanza inavyoviharibu.

Kwangu diski za filamu hukaa sebuleni, wala hazitazamwi chumbani mlango umefungwa. Tulipomaliza ile ya pili, niliwasimulia wanangu mwisho uliokatwa, kisha habari za Mei 2014. Mdogo wao akauliza kama Mchina yule alikuja kuona tena. Nikamwambia filamu imeishia pale pale, na hakuonyeshwa akipona.