Ziwa Lililo Chini ya Marani

Atakaye kuijua Marani, kwenye vilima vya Gusii, aamke mapema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu bado umelala mabondeni, migomba inadondosha umande, na akina mama wameshaingia kuchuma chai, vikapu mgongoni. Sokoni mboga ya chinsaga imefungwa mafungu, mbichi hata ukiishika harufu yake inakubakia mkononi. Mashamba ni madogo, yamebanana hadi vileleni, na hakuna kipande kilichoachwa bure. Sijaona vilima vinavyopendwa na wenyewe kama hivi.

Nilipanda bodaboda hadi ukingo wa Manga, upande wa Nyamira, ambako mwamba unakatika ghafla na nchi ya chini inatandazwa yote mbele yako. Kukiwa kweupe, Ziwa Victoria linaonekana, mstari mwembamba unaong'aa mahali ardhi inapokutana na mbingu. Nilisimama pale muda mrefu, kwa sababu kuna jambo la ziwa hilo lililonikaa moyoni tangu nilisome: liliwahi kukauka.

Waliotueleza ni watu wanaojua kusoma matope. Thomas Johnson na wenzake walilieleza mwaka 1996 katika jarida la Science. Walipiga sauti ipenye tope la ziwani na kurudisha habari za tabaka zilizo chini, tena walididimiza mabomba marefu wakatoa tope lenyewe. Chini ya tope laini walikuta udongo mgumu uliowahi kupigwa na jua, wenye vijizizi vya mimea. Ziwa lote hili pana lina kina cha mita 80 hivi tu, na maji yake mengi ni mvua inayolinyeshea lenyewe. Mito huongeza kidogo. Mvua ilipokatika, likaisha. Likaanza kujaa tena kama miaka 15,000 iliyopita.

Nyakati hizo dunia ilikuwa na baridi kuu, na barafu ilikuwa imeshika maji mengi kiasi kwamba miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120, na mtu angetoka bara hadi Unguja kwa miguu. Nyakati nyingine maji yalipanda kupita ya leo. Pwani, anayetafuta bahari hiyo ya kale huuliza matumbawe: mwamba unaoibeba Fort Jesus uliota majini, na leo uko juu ya mawimbi. Huku kwetu ushahidi ni changarawe. Kuzunguka ziwa kuna alama za fuo za zamani, nyingine mita 3 juu ya maji ya leo, nyingine 12, nyingine 18. Kule Entebbe, katika pango la Hippo Bay, mkaa uliokutwa kwenye changarawe za ufuo ulipimwa kwa kaboni, ukaonyesha umri wa miaka 3,700 hivi. Nami napenda ushahidi wa namna hii, kokoto zilizolainishwa na maji ambayo hayapo tena.

Niliporudi Marani nilipita bondeni wanakofyatua matofali. Kando ya shimo, tope lililoachwa juani lilikuwa limepasuka vipande vyenye pembe tano, sita. Nilichuchumaa nikainua kimoja. Juu kilikuwa kikavu kama kigae. Chini bado kina ubaridi, na vijizizi vya nyasi vimekishona toka upande hadi upande. Ndivyo sakafu ya ziwa ilivyokuwa, nikasema moyoni, nikakirudisha mahali pake taratibu.

Wazee wa huku wanakumbuka mvua za Uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ziwa lilipopanda kwa zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache. Mwaka 2020 likapanda tena na kufukuza watu makwao huko ufuoni.

Saa tisa alasiri upepo ulianza kutoka magharibi. Ndio upepo wa ziwa: hubeba unyevu, ukigonga vilima vya Gusii hupanda, hupoa, na mawingu hujikusanya kuwa meusi. Kijana wa bodaboda aliniambia nijisitiri haraka. Tuliingia chini ya kibaraza cha duka, pamoja na mama mmoja na mzigo wake wa ndizi, na kabla hatujasalimiana vizuri mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, tusisikizane. Ilidumu robo saa. Kisha maji mekundu yakajaa mitaro ya barabara, yakishuka kwa kasi, yamebeba jani la mgomba, kuelekea mtoni na hatimaye ziwani.